Jibu: Protini na chuma bila nyama, mayai wala maziwa

Dada, umeuliza utapata wapi protini na madini ya chuma ukiacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Mbona hapa Dar ni rahisi! Anza na makande: mahindi na maharage hukamilishana protini. Siku nyingine pika mbaazi za nazi, choroko, au kisamvu cha karanga. Nazi iwe ya kiasi lakini, sisi watu wa Pwani kwa kuizidisha hatujambo. Kamulia ndimu kwenye mchicha na kunde, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula, maana huzuia mwili kufyonza chuma. Usichokipata jikoni bila vyakula vya wanyama ni vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu. Hiyo nunua vidonge duka la dawa, mfamasia akuelekeze kiasi.