Maswali na Majibu: Bunduki Kongwe ya Mitutu Miwili

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkulima wa Konde, Pemba. Leseni ya bunduki ninayo, na kazi yake ni kuwafukuza nguruwe kwenye mihogo. Yuko mzee Wete anayetaka kuuza, kwa utaratibu wa polisi, bunduki ya Kiingereza ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Ina nakshi za kupendeza na chuma cha mitutu kina mistari kama ya ukili. Nitazame nini kabla sijatoa pesa? (M.S.)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Nakshi ziache mwisho. Thamani ya bunduki kongwe imo ndani ya mitutu. Kitako hubadilishwa, springi hutengenezwa, lakini mtutu ukishalika umelika.

Ifungue kwanza, uhakikishe haina risasi, tena kwa kutia kidole katika chemba zote mbili, yaani matundu ya nyuma inamokaa risasi. Kisha vua ile mbao ya mbele inayokaa chini ya mitutu, uifunge bunduki bila hiyo mbao. Shika shingo ya kitako kwa mkono mmoja na utikise mitutu kwa mkono wa pili. Ikicheza, bawaba imelika. Usikubali kuijaribu ikiwa na mbao yake, kwani mbao hubana mitutu ikaficha ulegevu wote. Halafu inyanyue mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya baina ya mitutu na uso wa chuma unaoiziba kwa nyuma, iache. Chungulia pia ndoano ya bawaba, chini ya mitutu: alama za kugongwa kwa nyundo zinaonesha kuwa mtu ameikaza kwa muda tu ipate kuuzika.

Ikipita hapo, itenge mitutu, uitundike kidoleni kwa ile ndoano na kuigonga taratibu kwa kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele, sauti ikakawia. Ikitoa mlio wa chungu kilichopasuka, ubapa unaoiunganisha umeachia lehemu. Unyevu umekwisha ingia humo, na kutu inakula kutoka nje kuja ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Sasa ielekeze kwenye mwanga na uchungulie kila mtutu. Utaona vivuli vya duara, kimoja ndani ya chengine. Duara likipinda au kukatika, hapo pana kibonyeo au uvimbe. Vishimo vya kutu vikitokea, usiridhike na ahadi kuwa fundi ataving'arisha. Ataving'arisha kweli, lakini kila anapokwangua anapunguza chuma. Unene wa mtutu usiwe chini ya nusu milimita mahali popote, na hilo linahitaji kipimo maalumu cha unene. Kwa macho haujulikani.

Mwisho soma mihuri chini ya mitutu, pale palipo bapa karibu na chemba. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia bunduki, moja London na moja Birmingham, na hii ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Bunduki iliyojaribiwa miaka ya mwisho ya karne ya 19 kwa baruti isiyo moshi huandikwa NITRO PROOF pamoja na uzito wa marisau, vile vidonge vilivyomo ndani ya risasi, mara nyingi aunsi 1⅛. Zilizojaribiwa kuanzia 1954 huonesha urefu wa chemba, kwa mfano inchi 2½, na shinikizo, kwa mfano tani 3 kwa kila inchi ya mraba. Ukikuta .729, hicho ni kipenyo cha ndani kwa inchi, kinachopimwa kiasi cha inchi 9 kutoka nyuma. Ikiwa leo kinapima .740, mtutu umekwanguliwa hadi jaribio lake halihesabiki tena, hata kama unameta.

Hiyo mistari ya ukili ni chuma cha Damaski: vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa, vikazungushwa na kuunganishwa kwa moto. Ni kazi ya mikono ya hali ya juu, na hakuna mistari miwili inayofanana kabisa. Lakini mingi ya mitutu hiyo ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Bila muhuri wa baruti isiyo moshi usiifyatue kwa risasi za siku hizi, hata moja. Kwa kazi ya nguruwe, tafadhali, tafuta nyingine ya chuma cha kawaida. Na popote utakaponunua, namba iliyo kwenye chuma ifanane na ya karatasi, na pesa isitoke kabla polisi hawajaridhia uhamisho.

SWALI: Marehemu baba yetu ameacha bunduki, nasi tunagawa mirathi. Iende kwa nani? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Poleni kwa msiba. Silaha haigawiwi kama mikarafuu. Ipelekeni polisi kwanza pamoja na leseni ya marehemu. Atakayeitaka aombe leseni kwa jina lake.

SWALI: Bunduki yangu imeandikwa chemba ya inchi 2½, risasi za dukani ni za milimita 70. Zinaingia bila taabu. Kuna ubaya? (Kh., Mwera)

JIBU: Upo, na huko kuingia kwake ndiko kunakodanganya watu. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda baada ya kufyatuka. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo risasi ya milimita 70 huwa na kama milimita 60 tu, ikakaa vizuri katika chemba yako ya milimita 65. Ikifyatuka, mkunjo hufunguka, ukaingia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba na kuziba njia. Shinikizo hupanda, na chuma chako hakikujaribiwa kwa shinikizo hilo. Nunua za milimita 65 zenye marisau ya madini laini ya risasi. Marisau ya chuma cha pua au chuma kigumu usiyatie kabisa katika mitutu ya zamani.

SWALI: Nikae nayo vipi hapa Mji Mkongwe, chumvi hii? (A., Shangani)

JIBU: Jasho la mkono na hewa ya bahari ndio maadui wake. Kila ukiishika, ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki au ya cherehani. Mafuta ya nazi hapana: huchacha, na yakichacha huwa na ukali unaokula chuma. Ala ya ngozi ni ya safari tu, kwani hunyonya unyevu, na wakati wa masika bunduki iliyolala ndani yake huota kutu kwa siku chache.

Katika kabati lake la kufunga, isimamishe mdomo ukiwa chini, juu ya kitambaa. Ikisimama kitako chini, mafuta huteremka taratibu hadi kwenye mti nyuma ya chuma, mti ukawa mweusi na laini, kisha ukapasuka shingoni.