Ruzuku ya mbolea: nani hasa analipwa?

Swali: Naishi Mbagala, lakini shamba langu la mahindi, ekari tatu, liko Handeni na nimejiandikisha kwenye ruzuku ya mbolea. Nimeambiwa Ulaya jina la kila mkulima aliyelipwa na serikali linawekwa hadharani. Je, na sisi tunaweza kujua nani kapata nini?

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na hilo neno kulipwa, maana mkulima wetu hapokei fedha mkononi. Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23, mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa shilingi 131,000 na ushei ulishuka hadi 70,000. Unampa wakala bei ya ruzuku, anaingiza namba yako ya usajili na kuskani alama iliyo kwenye mfuko, na mauzo yanaingia kwenye mfumo wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Ile tofauti, ambayo msimu huo ilikuwa kama 61,000, serikali inailipa kampuni ya mbolea. Kwa mifuko 1,000 hiyo ni milioni 61. Kwa hiyo kuna orodha mbili, ya waliochukua mifuko na ya waliolipwa tofauti, na fedha zimo katika hii ya pili, ambayo watu hawaiulizii.

Orodha ya wakulima chimbuko lake ni daftari la kijiji, na hapo ndipo mambo huharibika: ekari 2 zinaandikwa 20, marehemu anabaki daftarini, au mtu anachukua mbolea kwa namba ya mwenzake. Ofisi ya mbali haiyaoni hayo. Jirani anayejua mpaka wa shamba lako anayaona papo hapo. Enzi za ruzuku ya vocha za karatasi, kuanzia 2008, kamati ya vocha ya kijiji ilipendekeza majina na mkutano mkuu wa kijiji ukayapitisha. Mfumo wa namba unahesabu mifuko vizuri kuliko karatasi, lakini haujui nani kweli analima. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa Handeni, omba pasomwe jina, ekari na idadi ya mifuko. Namba za simu na za NIDA zisisomwe, kwani hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kwa orodha ya kampuni, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ukiandika tu “naomba taarifa za ruzuku” utajibiwa kwa maneno ya jumla. Taja msimu, kisha omba majina ya kampuni zilizolipwa, aina ya mbolea, idadi ya mifuko na kiasi kilicholipwa. Eleza kwamba wewe ni raia, maana haki hiyo ni ya raia. Peleka nakala mbili kwenye ofisi ya serikali unayoiomba taarifa, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu wana siku 30 za kukujibu na bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, halafu omba uamuzi upitiwe upya. Soma pia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinazowasilishwa bungeni kila Aprili. Ni za wazi kwa kila mtu.

Kuhusu Ulaya, uliyoambiwa ni kweli, ila si kwa kila mkulima. Nchi za Umoja wa Ulaya hutangaza jina, mahali na kiasi, na taarifa hubaki mtandaoni miaka miwili, lakini kanuni zao huficha majina ya wanaopata euro 1,250 au pungufu. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha utangazaji wa majina ya watu binafsi bila kutofautisha nani kapata kiasi gani na kwa muda gani. Kwa kampuni, mahakama hiyo hiyo iliruhusu utangazaji uendelee. Naona hoja hiyo inatufaa sana sisi, kwa kuwa ruzuku yetu hulipwa kwa kampuni.

Kabla ya barua, muulize wakala mifuko mingapi imeandikwa kwenye namba yako msimu huu. Ikizidi uliyochukua, ripoti kwa afisa ugani na TFRA siku hiyo hiyo, ukiwa na risiti zako.