Amir ya alif au Amir ya ain? Uliza kabla hujampa mtoto jina

Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Amir, na kila aliyeniuliza maana nilimjibu fasta tu "kiongozi", nilishaiona mtandaoni sikuhangaika zaidi. Sasa alipofika miezi minne hivi nikataka jina lake liandikwe kwa Kiarabu niliweke kwenye fremu ukutani, yule mwandishi wa khati akaniuliza swali moja: Amir ya alif au ya ain? Nikabaki namtolea macho.

Kumbe alif na ain ni herufi mbili za Kiarabu, na hayo ni majina mawili tofauti kabisa, sisi kwa herufi zetu ndo tunayafanya moja. Ya alif unavuta mwishoni, Amiir, mzizi wake ni alif-mim-ra, mambo ya kuamrisha, na ndo huohuo uliotupa amri na amiri jeshi. Ya ain unavuta mwanzoni, Aamir, na mzizi ni ain-mim-ra, habari za kuishi, kujenga, mahali penye watu na uhai, hata neno letu umri limetoka hukohuko. Kwa hiyo Aamir ni ndugu yao kina Omar na Ammar, na Amiir hawana undugu wowote. Halafu cha kuchekesha, Omar bin Khattab, khalifa wa mwaka 634 hadi 644, ndo anatajwa kuwa khalifa wa kwanza kuitwa Amirul-muuminin, kiongozi wa waumini, yaani mtu mmoja ana jina la ain na cheo cha alif!

Kwa hiyo we unayetafuta jina usikimbilie maana, anza na herufi. Mtafute mtu anayesoma Kiarabu akuandikie, piga picha uitunze, maana tovuti za majina nyingi zinachanganya hizo mbili kama uji. Salim nayo iko hivyohivyo, kuna Saalim aliyesalimika na kuna Saliim aliye mzima asiye na kasoro, ila hao angalau mzizi ni mmoja, ukikosea hujapotea mbali. Na usijione mshamba, Waarabu wenyewe Omar na Amr walikuwa wanawachanganya kwenye maandishi mpaka Amr akaongezewa herufi wau mwishoni ambayo haisomwi kabisa, ipo tu.

Sisi mwishowe tulichagua ain, mama yake ndo aliamua. Fremu iko ukutani, ila bibi yake mpaka leo anaita Amiiir kwa kuvuta mwishoni, nimeshachoka kumsahihisha.