Protini ya damu iliposhuka, mimi nilikimbilia jikoni

Kwenye karatasi ya majibu ya baba, ambaye ni mgonjwa wa moyo, kulikuwa na namba moja iliyozungushiwa kalamu: albumini 26. Kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Nilipoambiwa albumini ni protini ya damu, nikaelewa neno moja tu: chakula. Kwa wiki tatu nikamlisha baba poda ya protini asubuhi na jioni, huku nikimbembeleza na mara nyingine nikimfokea. Alikuwa anakula vijiko vitano anasema ameshiba. Nikamwona mkaidi. Siku mzani ulipoonyesha ameongezeka kilo tatu, nilifurahi. Kumbe yalikuwa maji.

Aliyenizindua ni daktari, kwa swali fupi: "Mkojo wake umepimwa protini?" Haukuwa umepimwa.

Kama unamuuguza mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, anza na swali hilo kabla ya kununua kopo lolote. Moyo ukichoka, damu hurudi nyuma na kujazana. Hujazana kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza albumini. Hujazana kwenye utumbo, ukavimba, mgonjwa akashiba mapema na hata hicho alichokula kisifyonzwe sawasawa (baba, nisamehe). Figo zikiharibika, chujio lake huvuja na albumini ikatoka na mkojo. Na maji yakizidi mwilini, ile iliyobaki huzimuliwa. Inawezekana njia zote hizi zikawa wazi kwa mtu mmoja, na poda haizibi tundu la figo.

Kipimo cha mkojo ni rahisi: hulinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa mwilini. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa. Cha baba kilikuwa juu zaidi, tukajua sehemu ya protini inapotelea wapi.

Figo zenyewe nilizielewa kwa kuchelewa. Nilidhani zinateseka kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Damu inayotakiwa kutoka nayo inakwama kwa kuwa mishipa imejaa, basi figo inabanwa mbele na nyuma. Ndiyo maana kreatinini ya baba ilipopanda, nami nikataka kumwachisha dawa ya maji (ile ya kumkojoza maji yaliyozidi) kwa akili yangu, daktari alinikataza. Kwa mgonjwa aliyejaa maji, kuyatoa kunaweza kuzipa figo nafuu. Kreatinini ikipanda, piga simu. Usipunguze wala usiongeze kidonge peke yako.

Halafu ile dawa ya maji, furosemidi, ilifika mahali ikaacha kumkojoza. Nilishuku dawa ni feki. Sababu ilikuwa ndani ya mwili wake: kidonge hufyonzwa polepole kwenye utumbo uliovimba, na dawa hiyo husafiri ndani ya damu ikiwa imeshikana na albumini, ambayo kwake ilikuwa haba. Walipomchoma dawa hiyohiyo kwenye mshipa, mkojo ukatoka siku ileile.

Maji yalipopungua niliona kitu kilichonitisha kuliko namba zote: mapaja. Yalikuwa yamekonda, misuli imeisha, na uvimbe ulikuwa umeficha yote. Siku hizi nampima kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, na nikiona kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku 3 nawasiliana na kliniki. Lakini naangalia pia mikono na mashavu, maana mzani hautofautishi maji na nyama.

Chakula hakikuacha kuwa na maana. Anakula kidogo kidogo mara nyingi, na kiasi cha protini alikipanga mtaalamu wa lishe baada ya kuona majibu ya figo. Kuzidisha kunaweza kuzielemea, kumnyima kunamaliza misuli.

Mengine mawili nilinusurika nayo kwa bahati. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huzibana figo na kushikilia maji. Tulikuwa nazo nyumbani, nikazitupa. Na ile "chumvi mbadala" ambayo jamaa alituletea kwa nia njema mara nyingi ni potasiamu. Kwa mtu mwenye figo dhaifu anayetumia spironolaktoni, dawa nyingine ya maji ambayo hubakiza potasiamu mwilini, potasiamu ikipanda inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Soma lebo.

Akitapika au akiharisha, siombi tena ushauri kwa majirani. Napiga simu siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zilezile zinazomsaidia akiwa na maji mengi zinaweza kuziumiza figo akiwa amekaukiwa.

Albumini yake sasa ni 31. Haijafika 35 na sikimbizani nayo tena. Namuuliza zaidi amelala na mito mingapi. Zamani ilikuwa mitatu ndipo apumue. Wiki hii ni mmoja.