Samaki wa Maji Chumvi Akisusa Chakula, Mtazame Kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenzangu wanaofuga samaki wa baharini hapa Tanga ni hili: "Kaka, samaki wangu hali, nimpe nini?" Jibu langu huwa lile lile. Usimpe kitu kipya bado. Vuta kiti, kaa mbele ya tangi, umtazame.

Mwenye samaki hukimbilia kubadilisha chakula kwa sababu chakula ndicho anachokiona kikikataliwa. Leo kamba, kesho ngisi, keshokutwa dagaa, na kila kilichokataliwa kinazama nyuma ya mawe, kinaoza, na maji yanazidi kuharibika. Kumbe samaki hana ugomvi wowote na kamba. Maji yamemwelemea, au matamvua yake yamevamiwa na vimelea, au yupo mbabe ndani ya tangi anayemnyima nafasi ya kusogea.

Jaribio langu la kwanza ni rahisi. Katakata kamba mbichi vipande vidogo, visizidi ukubwa wa jicho la samaki mwenyewe. Tupia kimoja karibu naye, kisha angalia jicho lake. Yupo asiyekitazama kabisa. Yupo anayekifuata, anakikaribia, halafu anageuka. Na yupo anayekidaka akakitema. Nimejifunza kuwachukulia hawa kama wagonjwa watatu tofauti, na anayenitia hofu zaidi ni wa kwanza.

Samaki ambaye chakula kinampita mbele ya macho na jicho halisogei, mwanzie kwenye maji. Pima chumvi, joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji), na amonia na nitriti (sumu zitokanazo na kinyesi na mabaki), siku hiyo hiyo, kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, ambayo kwenye haidromita, kile kifaa cha kupimia uzito wa maji, husomeka karibu 1.025. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. pH iwe 8.1 hadi 8.4. Amonia na nitriti zisionekane kabisa. Wengine huniambia, "Amonia ipo kidogo tu." Kwenye maji ya bahari hakuna kidogo. pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu, na joto letu huongeza sumu hiyo. Kiasi ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi angekivumilia, kitatange, yule samaki bapa wa mwambani, hawezi.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya msimu ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitakuambia. La kwanza ni masika. Wengi wetu tunachota maji ya tangi baharini, Raskazone au Sahare, kwa madumu. Mvua zikishika, Mto Zigi na Mkulumuzi inamwaga maji mengi kwenye Ghuba ya Tanga, na maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu, pale pale unapozamisha dumu lako. Unarudi nyumbani na maji yanayoonekana ya bahari lakini chumvi yake imeshuka na yamebeba tope. Chota maji yakiwa yamejaa, usichote yakiwa yanatoka, na pima kila dumu kabla ya kumimina. Masika ikiwa kali, heri kuwa na akiba ya maji uliyochota mapema, yaliyofunikwa yasipigwe jua, na uyachemshe kwa pampu ya hewa siku moja kabla ya kuyatumia. Nasema kuyachemsha kwa maana ya kuyatia mapovu, si kuyapandisha joto.

La pili ni joto la kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kikifika nyuzi 31, tangi nalo linaelekea huko huko. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huo huo mwili wa samaki unaihitaji zaidi. Samaki anayehangaika kupumua hawezi kula. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji. Itashusha nyuzi mbili tatu kwa kuyafanya maji yavukize. Lakini kinachovukiza ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku jazia kwa maji matamu, si ya bahari. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa kwa siku nzima ili klorini itoke.

Ongeza hapo kukatika kwa umeme. Chujio likisimama kwa saa nyingi, bakteria wazuri waliomo ndani hukosa oksijeni na kufa. Umeme ukirudi, uchafu wote ule unasukumwa tangini kwa mkupuo, na asubuhi yake samaki wote wamenuna. Umeme ukikaa muda mrefu bila kurudi, zima chujio, ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha tena. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kitu cha kununua kabla ya samaki wa pili.

Maji yakiwa safi na samaki bado hatazami chakula, hesabu pumzi. Angalia kifuniko cha shavu kinavyofunguka na kufunga, umlinganishe na samaki mwenzake mzima wa ukubwa huo huo. Anayepumua mbio, anayekaa juu ya uso wa maji, au anayesimama mbele ya mdomo wa pampu bila kutoka, ana shida kwenye matamvua. Vimelea vingi huanzia huko kabla alama haijaonekana mwilini, na kususa chakula mara nyingi ndiyo dalili ya mapema kuliko zote.

Madoa meupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi na ubavu ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kangaja wanakipata upesi sana, hasa yule wa buluu mwenye uso mweusi. Hapa nawasihi wasomaji wangu muwe macho, kwa sababu ugonjwa huu unadanganya. Baada ya siku tatu hadi saba madoa huanguka yenyewe, samaki anaonekana kapona, pengine hata anakula. Vimelea havijafa. Vimeshuka chini kwenye mchanga na mawe, vinajigawa, na vitarudi vikiwa mamia. Ndiyo maana kumtibu samaki na kumrudisha kwenye tangi lile lile ni kazi bure. Wafugaji wengi wazoefu huliacha tangi bila samaki hata mmoja kwa siku 76 ili vimelea vikose mwenyeji.

Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu badala ya chembe, na pumzi ni za kasi sana, hiyo ni Amyloodinium, na hapo huna wiki ya kusubiri. Inaua kwa siku chache. Zote mbili hutibiwa kwa dawa ya shaba, katika tangi la pembeni, lile la kumtengea mgonjwa, kwa kufuata kipimo cha kwenye chupa na kupima kiwango cha shaba kila siku. Usiitie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono. Itawamaliza.

Samaki anayejikuna kwenye mawe huku macho yana ukungu, mara nyingi ana minyoo bapa ya ngozi. Mwogeshe kwenye maji matamu yasiyo na klorini, yenye joto na pH sawa na ya tangi, kwa dakika tatu hadi tano, ukimwangalia muda wote. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho, ila vidonge vya binadamu visitiwe tangini kwa kukisia. Muulize daktari wa mifugo akupigie hesabu ya lita zako.

Sasa yule anayekifuata chakula kisha akageuka. Huyu ananipa moyo, maana hamu anayo. Kama ni mgeni, mpe nafasi. Samaki aliyetolewa mwambani, akasafirishwa kwenye ndoo, akamwagwa kwenye kioo chenye taa, ana haki ya kukaa siku mbili tatu bila kula. Zima taa, mpe pango la kujificha, na usisimame mbele yake kila saa. Muulize pia mvuvi alimpataje. Aliyenaswa kwa ndoana ana jeraha mdomoni. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa kimevimba, utamwona anaelea upande upande.

Kama si mgeni, tafuta mbabe. Rafiki yangu wa Chumbageni alinipigia akiwa na kitatange aliyekonda, na alikuwa amekwisha kumjaribia kila kitu sokoni. Tulikaa kimya mbali na tangi, taa ya chumbani imezimwa. Haikuchukua muda tukamwona samaki mwingine, kikande, akitoka kwenye pango lake kila kitatange alipoinua kichwa. Hakumgusa. Alijitokeza tu, na kitatange akarudi kwenye kona. Tulimtoa kikande, tukayapanga upya mawe yote ili asiwepo mwenye eneo lake la zamani, tukamtenga kikande kwenye chombo chenye matundu ndani ya tangi, pembeni. Kitatange alikula siku iliyofuata, kamba ile ile aliyokuwa akiikataa. Ubabe wa namna hii hauachi jeraha, kwa hiyo usisubiri kuona pezi lililochanika.

Kumbuka na saa ya kula. Samaki wenye macho makubwa wanaoshinda mapangoni mchana, wape chakula baada ya kuzima taa.

Anayedaka na kutema, mwangalie mdomo kwanza: uvimbe, jeraha, taya lisilofunga. Kisha punguza ukubwa wa kipande. Kisha angalia kinyesi. Kikiwa cheupe, chembamba, kinaning'inia kama uzi, na samaki anakonda hata siku anazomeza, huenda ana vimelea vya tumboni. Samaki simba aliyelishwa kamba tupu kwa miezi naye hufika mahali akashindwa kula. Kamba wabichi, na baadhi ya samaki wadogo pia, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mlo wa aina hiyo moja humpunguzia vitamini hiyo polepole. Mchanganyie na ngisi na nyama ya samaki wa aina mbalimbali.

Baada ya yote haya ndipo naongelea chakula, na hapa Tanga hatuna sababu ya kulalamika. Alfajiri pale Deep Sea, soko la samaki, utapata kamba na ngisi wabichi kuliko vya kopo lolote. Suuza, kata, gandisha kwa mafungu madogo. Kangaja na tasi wanataka majani siku nzima. Anayelima mwani atakueleza tasi wanavyomaliza shamba. Funga mwani wa kijani kwenye jiwe kwa mpira, uuache hapo. Kwa kitatange mgumu, hakuna kinachonisaidia kama chaza: mfungue, mweke tangini na gamba lake, naye atamdonoa kama anavyodonoa mwambani. Uduvi hai huwaamsha karibu wote. Samaki simba mtikisie kipande kwenye ncha ya kijiti cha mwanzi, kitembee kama kiumbe hai. Wapo wanaosifia maji ya kitunguu saumu. Mimi nimeyaona yakivuta samaki wachache karibu na chakula, sijayaona yakitibu ugonjwa wowote.

Na wapo ambao hawatakula, ufanye utakalo. Baadhi ya vitatange, kama Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri, wanaishi kwa kula matumbawe hai. Kadhalika yule samaki mdogo wa kijani mwenye madoa ya machungwa na mdomo mrefu, Oxymonacanthus longirostris. Yule mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, anategemea vimelea na ute wa samaki wengi wakubwa, na kwenye tangi mara nyingi hufa kwa njaa taratibu. Hawa naomba tuwaache mwambani. Mvuvi akikuletea, usinunue, maana ukinunua mmoja ataleta wengine. Tunaishi kando ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, na ndani ya hifadhi huchukui chochote bila kibali. Nje yake nako, ulizia kwanza ofisi ya uvuvi.

Kuhusu muda, msilinganishe samaki wote. Mkunga, chewa na samaki simba wanaweza kukaa wiki moja au zaidi bila kula na wasidhurike. Farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula, anahitaji kula mara kadhaa kwa siku. Siku mbili kwake ni nyingi. Kangaja tumbo likibonyea na mgongo juu ya macho ukaanza kuchongoka, amechelewa kusaidiwa, na hapo usingoje kesho.

Akianza kula, mpe kidogo mara tatu nne kwa siku, si kingi mara moja, na toa mabaki ndani ya dakika chache. Mwache kwenye tangi la pembeni hadi awe anakula bila kusita, kinyesi chake kina rangi ya chakula, na nyama ya mgongoni imerudi. Unapomhamishia kwa wenzake, fanya hivyo taa zikiwa zimezimwa, uwe umewalisha wenyeji wakashiba kwanza, kisha ukae tena kwenye kile kiti chako uangalie nani anamsogelea.