Maswali ya Wasomaji: Ndege Zipitazo Kasi ya Sauti na Viwanja vya Kuzipokea

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi. Nimesoma kwamba tarehe 28 Januari 2025 ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom ilipita kasi ya sauti huko Mojave, California, na kwamba kampuni hiyo inakusudia kuunda ndege ya abiria 60 hadi 80 iitwayo Overture. Darasani tuliambiwa kwamba viwanja vya ndege vitalazimika kujengwa upya ili kuzipokea ndege za namna hiyo. Je, ni kweli? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa heshima zote kwa walimu wako, historia haiungi mkono kauli hiyo. Concorde, ndege ya zamani iliyopita kasi ya sauti, ilibeba abiria tangu tarehe 21 Januari 1976 hadi Oktoba 2003, na katika muda huo wote ilitumia njia zile zile za kurukia zilizotumiwa na ndege nyingine kubwa mjini London, Paris na New York, na pia Dakar na Bahrain katika safari zake za mwanzo kabisa. Hata mafuta yake yalikuwa yale yale ya kawaida ya ndege za jeti.

Jambo ambalo mhandisi anapaswa kulitazama kwanza ni mbio za ardhini. Mabawa ya pembetatu ya Concorde yalichongwa kwa ajili ya mwendo wa juu, nayo hayakuwa na yale mapanuzi ya nyuma ambayo ndege za kawaida huyashusha ili zinyanyuke mapema. Kwa hiyo iliacha ardhi ikiwa katika mwendo wa takriban kilomita 400 kwa saa, na ikiwa imejaa uzito wake wote wa tani 185 ilihitaji njia ya takriban mita 3,600. Njia ya Mombasa, yenye mita 3,350, ingeipokea ikiwa na mzigo uliopunguzwa. Nairobi ina njia ya zaidi ya mita 4,000, lakini usiharakishe kufurahi, kwa sababu uwanja huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mahali pa juu, hasa mchana wa jua kali, huilazimisha ndege kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka. Kwa sababu hiyo hiyo waundaji wa Concorde waliipeleka ndege ya majaribio Johannesburg mwaka 1973, ili waone itafanyaje mahali penye joto na mwinuko.

Vipimo vyake vya mwili navyo huwachanganya wengi. Upana wa mabawa ulikuwa mita 25.6 tu, pungufu ya ule wa Boeing 737-800, ilhali urefu wake ulikaribia mita 62, yaani karibu sawa na Boeing 777-200. Sehemu ya maegesho iliyotosha ndege ndogo kwa upana haikutosha kwa urefu. Kikosi cha zimamoto nacho huguswa, maana kanuni za kimataifa hupanga daraja la huduma hiyo kwa urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake, wala si kwa idadi ya abiria. Ndege ya watu 100 ikadai daraja la 9, sawa na ndege ya watu 300, ingawa kanuni hizo huruhusu kushuka ngazi moja pale ambapo safari za ndege kubwa ni chache.

Lakini ningekuwa msimamizi wa uwanja mwenye fedha kidogo, nisingeanza na zege. Ningeanza na ufagio. Matairi ya Concorde yalijazwa upepo kwa shinikizo linalokaribia mara saba ya lile la tairi la gari dogo, nayo yalizunguka kwa kasi ambayo haisamehe uchafu. Tarehe 25 Julai 2000, huko Paris, tairi mojawapo lilikanyaga kipande cha chuma kilichoangushwa na ndege iliyoruka dakika chache kabla, likapasuka, na vipande vyake vikagonga tangi la mafuta. Watu 109 waliokuwa ndani na wanne waliokuwa chini walipoteza maisha. Ukaguzi wa mara kwa mara wa njia hauna mvuto wa kupigiwa picha na kukatiwa utepe, lakini hakuna ujenzi unaoweza kushika nafasi yake.

Baada ya hapo ningeushughulikia ukumbi wa abiria. Safari ya London hadi New York ilichukua takriban saa tatu na nusu badala ya saba au zaidi; ndege iliyoondoka London saa 4:30 asubuhi ilifika New York kabla ya saa 4:30 asubuhi ya huko. Abiria aliyelipa nauli kubwa ili aokoe saa nne hawezi kuziacha mbili kati yake kwenye foleni ya uhamiaji.

SWALI: Nyumba yangu iko karibu na uwanja wa ndege. Je, kile kishindo kinachosemwa cha ndege zipitazo kasi ya sauti hakitapasua vioo vyetu? – Msomaji, Muscat.

JIBU: Kishindo hicho hakitokei uwanjani. Ndege hukizalisha muda wote inapokuwa imepita kasi ya sauti, nacho huburutwa chini ya njia yake kama mkia, lakini wakati wa kuruka na kutua huwa katika mwendo wa kawaida. Wanaokisikia ni wakazi wa mbali na uwanja, na ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku safari hizo juu ya nchi kavu mwaka 1973, marufuku ambayo rais wake aliagiza mwezi Juni 2025 iondolewe.

Jirani wa uwanja huumizwa na injini zenyewe. Concorde iliruka kwa kuongeza mafuta yaliyowashwa nyuma ya injini, na ngurumo yake iliwafanya wakazi wa Queens, New York, waandamane kwa misururu ya magari hadi uwanjani. Mamlaka ya uwanja ikaizuia mwaka 1976, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na ndege ikaruhusiwa kuanza safari tarehe 22 Novemba 1977 tu. Waundaji wa Overture wanaahidi injini zisizotumia moto huo wa ziada. Marubani wa Concorde wao walilazimika kubuni ustadi wao: mara tu magurudumu yalipoacha ardhi ya New York, waliikunja ndege kwa nguvu kuelekea kushoto na kupunguza moto wa injini juu ya maji ya Jamaica Bay, ili vipaza sauti vya kupimia kelele, vilivyosimikwa mitaani, visiwanase.