Jibu: Mpira wa maji ndani ya pipa la dawa

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama kuna hatari kuacha mpira umezama kwenye pipa unapochanganyia dawa ya nyanya. Ipo, tena kubwa. Maji ya NWSC (shirika la maji la Uganda) yakikatika, au bomba likipasuka huko bondeni, presha inashuka na bomba linaanza kunyonya. Dawa inapanda kwenye mpira hadi bomba la mtaa, na maji yakirudi jirani anaikinga kwenye sufuria ya uji. Haihitaji pampu yoyote.

Kinga ya uhakika haina gharama: mdomo wa mpira ubaki juu ya ukingo wa pipa. Pengo hilo la hewa liwe angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba, lisipungue milimita 25. Valvu ya kuzuia maji kurudi funga pia, ila usiitegemee peke yake. Maji yanaporudi baada ya kukatika huja na mchanga, na punje moja ikikwama valvu haifungi.

Umesema pia umeunganisha bomba la kisima chako na laini ya maji ya mji kwa koki moja; tafadhali tenganisha leo. Koki huvuja, maji ya kisima yakaingia kwenye laini ya mji, na watoto wa mtaa mzima wanakunywa maji ya laini hiyo. Kila laini iingie kwenye tangi lako kwa juu, kwa bomba lake yenyewe.